Nilimvunja mke wangu taya ili asitaje kidevu changu

Mimi ndiye niliyemvunja mke wangu taya. Naanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na utoto wangu utanionea huruma, na sistahili. Nilimpiga ngumi moja, mchana kweupe, mbele ya shangazi yangu na binamu zangu wawili, huku mtoto wetu wa wiki tatu amelazwa palepale kwenye mkeka. Na sikumpiga kwa hasira. Mtaani wanadhani ilikuwa hasira. Nilimpiga ili asimalize sentensi aliyokwisha kuianza.

Sikia basi nikueleze. Majina nitabadilisha. Mke wangu nitamwita Ngalula.

Nilizaliwa na kidevu kidogo mno. Mdomo wa chini ulikuwa ukiishia shingoni, kama mtu aliyemeza kidevu chake mwenyewe. Nilikulia Dilolo, kusini mwa Kongo, kwa watu wa mama, na shuleni waliniita Samaki. Baba yangu alikuwa Muluba wa Kasai, mfanyakazi wa mgodi huku Kolwezi. Mama alipopata mimba yangu, watu wa baba walisema mimba hiyo si yao, na baba akanyamaza. Alikufa sijamwona. Alichotuachia ni picha moja tu, amesimama na ovaroli na kofia ya kazi, na kidevu kipana kama kisigino.

Mama alipenda kunisimulia nilivyokuwa mchanga. Alikuwa akicheka anaposimulia, kwa sababu nilipona.

"Weye haukuweza kunyonya," alisema. "Ukijaribu, unakuwa buluu. Mutoto bila kidevu, ulimi inarudia mu koo. Njo maana nilikulalisha na tumbo ku magoti yangu, nakupa maziwa na kijiko, tone tone, mpaka ukapata nguvu."

Maneno hayo niliyasikia labda mara hamsini. Nakuomba uyashike, kwa sababu mimi niliyashika pia, na ndiyo maana hakuna wa kunitetea.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka ishirini na sita, nauza samaki wakavu mpakani na Angola. Nikabaki peke yangu. Nikaamua kuja Kolwezi kuwatafuta watu wa baba. Lakini nilipojitazama kwenye kioo na kuitazama ile picha, nilijua watakachosema. Watasema waliyoyasema zamani, kwamba huyu si wetu, kwani hata uso unakataa.

Basi nikauza kila kitu na kwenda kwenye kliniki moja, mji sitautaja. Nilimpa daktari picha ya baba. Akaniuliza, "Unataka kidevu kama hiki?" Nikamjibu, "Si kama hiki. Hikihiki."

Alinilaza kwa dawa ya usingizi. Alipasua ndani ya mdomo, chini ya fizi za mbele, ili nje kusibaki kovu, akaingiza kipande cha silikoni juu ya mfupa na kushona. Wiki mbili nilikunywa uji kwa mrija. Uvimbe ulipoisha, kwenye kioo alikuwemo baba yangu. Nililia! Daktari alinionya mambo mawili: huenda ganzi ikabaki kwenye mdomo wa chini, na nisipigwe hapo, kwa sababu kile kipande kinaweza kuhama. Ganzi ilibaki kweli, upande wa kushoto, mpaka leo.

Nilipofika Kolwezi, shangazi alifungua geti lake, akanitazama, akaweka mikono kichwani. Kwa Waluba shangazi ni baba wa kike, tata mwanamuke, neno lake ni neno la baba. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Angalieni kidevu! Yaya yangu ameludia!"

Yaya kwao ni kaka mkubwa. Hakuuliza cheti, hakuuliza jina la mama yangu. Alinivuta ndani, akaitundika picha ya baba ukutani barazani, akanipa chumba. Wanawe wawili, Kabeya na mdogo wake, waliniingiza kwenye shimo lao la kuchimba kobalti kule Mutoshi. Ukiona mtu anakuingiza kwenye shimo lake, ujue amekukubali. Unashuka chini gizani na mfuko wako, na anayeshika kamba juu ndiye anayeamua kama utarudi. Kabeya alinishikia kamba miaka miwili na hakuilegeza hata siku moja. Nilikuwa na ndugu. Kwa mtu aliyeitwa Samaki, sijui kama unaelewa ukubwa wa jambo hilo.

Shangazi ndiye aliyenitafutia Ngalula, binti wa familia ya Kikasai ya Likasi, mpole wa sura lakini si wa maneno. Alikuwa akiimba kwaya parokiani. Tulipokuwa tukila, bukari, yaani ugali, ikibaki kwenye mdomo wangu wa chini, mimi nilikuwa sisikii kwa sababu ya ganzi. Ngalula aliifuta kwa kidole gumba na kuendelea kula. Hakuwahi kunicheka.

Siku moja niliumwa jino, akanisafisha fizi kwa maji ya chumvi, akaliona lile kovu. Akabonyeza kidevu changu, kikacheza kidogo chini ya kidole chake. Akauliza ni nini. Nikasema jiwe liliniangukia shimoni. Alitazama picha ya baba ukutani, akanitazama mimi, kisha akanikabidhi kikombe nisukutue. Hakurudi tena kwenye habari hiyo. Alijua, bwana. Alijua na akanihifadhia siri.

Kisha akajifungua mtoto wa kiume.

Kwa desturi yetu alipewa jina la baba yangu, kwa hiyo kwa shangazi hakuwa mtoto wa mpwa, alikuwa kaka yake. Shangazi alikuja amevaa kitenge kipya kumsalimia kaka yake. Akafunua shuka. Mtoto alikuwa na uso mdogo mzuri, na mdomo wa chini umeishia shingoni.

Shangazi alimfunika taratibu, akatoka bila kunywa chai.

Na mtoto akashindwa kunyonya. Alishika ziwa, akavuta mara mbili, akawa wa buluu, akaachia akilia. Maziwa ya Ngalula yalimwagika kwenye nguo bure, mtoto akaishi kwa matone machache yaliyopita kooni. Siku ya kumi mtoto alikuwa na ngozi ya mzee. Muuguzi wa zahanati alisema tumpeleke hospitali kubwa. Shangazi akakataa, akasema huo si ugonjwa wa hospitali, ni tshibau.

Wasiojua nitawaeleza. Kwetu mke akitoka nje ya ndoa, inaaminika kosa lake humwangukia mtoto. Mtoto atakataa ziwa na kukauka, mpaka mama ataje jina la mwanamume mbele ya watu wa mume wake, atakaswe, ndipo mtoto apone. Sitaki usome hapa useme mila za watu fulani ni mbaya. Mila ilitaka mwenye siri aitoe ili mtoto aishi. Mwenye siri nilikuwa mimi, nimesimama mlangoni, nimefunga mikono kifuani.

Maana nilijua! Nilijua kidevu kile kimetoka wapi, na nilijua kijiko cha mama. Kila nilipofungua mdomo niliona Kabeya ameshika kamba juu, na mimi niko chini. Nikaufunga.

Siku ya kwanza walimuuliza kwa maneno. Ngalula alikaa chini uani, miguu ameinyoosha, kama mfiwa. Alijibu jambo moja tu.

"Sikujue mwanaume mwingine. Mutoto ni wa bwana yangu."

Siku ya pili mdogo wa Kabeya alileta waya wa umeme uliokunjwa mara mbili. Alimchapa mgongoni na kwenye mapaja. Sauti ya waya sitaisahau, ilikuwa fupi na kavu. Ngalula alilia mwanzoni, baadaye akawa anahema tu. Maziwa yalikuwa yakimtoka na kuloanisha kitenge huku akichapwa, na mtoto analia pembeni. Mimi nilihesabu matofali ya ukuta. 

Siku ya tatu shangazi alichoka. Alimshika Ngalula nywele, akamwinua uso.

"Mama, yaya yangu anakufa mu mikono yako. Taja jina. Ni jina moja tu."

Ngalula hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, na naapa alikuwa ananipa nafasi. Alikuwa ananisubiri. Nilitazama matofali.

Ndipo akasema, "Tata mwanamuke, mbele ya kuniuliza mi, mumuulize kwanza bwana yangu juu ya kidevu ya—"

Nilikuwa nimekwisha kumfikia. Mimi ni mchimbaji, mkono wangu unavunja mwamba kila siku. Ngumi ilimpata pembeni ya taya na nikasikia mfupa ukiachia. Kichwa chake kilipinduka, akaanguka ubavu, damu na meno mawili vikaangukia kwenye mkeka, hatua moja kutoka kwa mtoto. Alijaribu kuinuka. Mdomo wake ulibaki wazi, umekwenda upande, na hakuweza kuufunga wala kutoa neno.

"Sasa njo uko mwanaume," shangazi alisema. Alinipiga bega. Na mimi, Mungu anisamehe, nilihisi nafuu.

Mwanamke mwenye taya lililovunjika hawezi kutaja jina. Kwa hiyo wakaamua kumtajia wao. Kabeya aliuliza ni nani mtaa huu asiye na kidevu, kama vile mtu anavyotafuta mwenye baiskeli iliyopotea. Wakakumbuka mwalimu wa kwaya, kijana mkimya mwenye kidevu kidogo, anayepiga kinanda parokiani na ambaye mara kadhaa aliwasindikiza wanakwaya nyumbani. Ngalula alitikisa kichwa kukataa. Mdogo wa Kabeya akanyanyua waya juu ya mkeka, upande wa mtoto, na kumuuliza tena. Ngalula akafumba macho. Wakasema amekubali.

Nilikwenda nao. Nawezaje kukuficha hilo sasa? Nilikwenda nao, na ni mimi niliyemshika mkono wa kulia na kuubana juu ya kizingiti cha mlango wake. Kabeya alishusha mtaimbo mara nne kwenye vidole. Yule kijana hakutukana. Alikuwa akituita baba zake na kuuliza tu, "Nilifanya nini, batata? Munaniambia basi, nilifanya nini?" Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kunusa pumzi yake. Kidevu chake kilikuwa changu cha zamani kabisa. Nilibana mkono wake zaidi.

Tuliporudi nyumbani damu ilikuwa kwenye suruali zetu. Shangazi alisema sasa jambo limekwisha. Alimwaga maji, akasema maneno yake, akamweka mtoto kwenye ziwa la Ngalula. Ngalula alikuwa ameegemea ukuta, uso umevimba mpaka jicho limefungwa, lakini alimpokea mtoto kwa mikono yote miwili. Sote tulisimama kutazama.

Mtoto alivuta mara moja, mara mbili. Akawa wa buluu. Akaachia, na safari hii hakulia, alitweta tu.

"Kuko mwingine," shangazi alisema. "Huyu mwanamuke alificha mwingine."

Kabeya akainama kuokota waya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawataacha. Watamaliza videvu vyote vidogo vya Kolwezi, kisha mke wangu, kisha mtoto. Nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu wa jirani.

"Mwache. Mutoto ni wangu. Hii kidevu munaona haikuwa yangu, balinitilia ku hopital kabla nikuye hapa. Mi nilizaliwa sawa ye."

Unadhani waliamini? Kabeya aliniambia mke wangu ameniroga mpaka najidhalilisha kwa ajili yake. Nikarudia. Akaniambia ninyamaze. Nikarudia mara ya tatu, na hapo alinitandika ngumi chini ya mdomo, kwa nguvu zilezile nilizompigia Ngalula.

Upande wa ganzi sikusikia maumivu. Nilisikia kitu kikiteleza juu ya mfupa. Nilipoinua uso, Kabeya alirudi nyuma hatua mbili. Kidevu changu kilikuwa kimekwenda kushoto, chini ya kona ya mdomo, na katikati kulikuwa kumeingia ndani.

Shangazi alisogea. Alikishika kile kidevu kwa vidole viwili, akakisukuma, kikasogea. Akaachia haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Machozi yalimjaa.

"Weye ni nani?" aliniuliza.

Swali hilo ninalo mpaka leo, kwa sababu sijui kama yule wa kwenye picha ni baba yangu kweli, na sasa hakuna atakayeniambia.

Nilimchukua mtoto. Nilikaa chini, nikamlaza kifudifudi juu ya mapaja yangu, uso kando, nikaomba kijiko. Hakuna aliyesogea. Ngalula ndiye aliyejikokota, akakamua maziwa kwenye kikombe cha chai, akanisogezea na kijiko. Tone moja, nikangoja ameze. Tone la pili. Ulimi ulikuja mbele, pumzi ikakaa sawa, na mtoto akaanza kumeza. Alikunywa nusu kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alilala ameshiba.

Nikainua macho kwa furaha kumtazama mke wangu. Jicho lake moja lililokuwa wazi lilikuwa juu ya kijiko, kisha likaja kwangu. Ndipo alipojua kwamba nilikuwa naujua ujanja ule tangu siku ya kwanza. Waya, ngumi, vyote nadhani angeweza siku moja kuvisamehe. Hilo la kijiko, nililiona likiingia ndani yake na kukaa.

Kaka zake walikuja kutoka Likasi na askari. Walimpeleka hospitali, wakamchukua yeye na mtoto. Mwalimu wa kwaya alikatwa vidole vitatu hospitalini. Nasikia yuko Sandoa kwa wazazi wake na hataki kusikia kinanda. Sote watatu tulifungwa, na mimi sikukata rufaa. Gerezani binamu zangu walilala upande mmoja wa chumba na mimi upande mwingine. Kidevu kilioza kikatoa usaha, wakanipeleka kukitoa. Daktari alinionyesha kile kipande kwenye bakuli la chuma, cheupe, kimelika pembeni kama kipande cha sabuni. Nilicheka mpaka mlinzi akanikemea. Kitu kidogo hivyo!

Nilipotoka nilikwenda kwa shangazi. Geti halikufunguliwa. Kupitia tundu niliona ukutani, pale ilipokuwa picha, msumari peke yake.

Mwezi uliopita kaka zake Ngalula waliniruhusu kumwona mtoto, uani kwao, wao wakiwa wamekaa pembeni. Ana miaka mitatu, anakula kila kitu, madaktari wanasema taya linakua vizuri. Alinijia bila woga. Alishika kidevu changu kidogo, kilichobaki na kovu, kisha akashika chake.

Ngalula alikuwa akianika nguo. Taya lake liliunga vibaya, uso wake umeelemea upande mmoja, na maneno yanamtoka polepole. Nilipiga magoti. Nikasema yote niliyokuja nayo, kwamba nilikuwa mwoga, kwamba nilitaka baba. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Weye balikutengeneza uso na dawa ya usingizi," akasema. "Mi ulinitengeneza bila dawa." Akaendelea kuanika nguo.

Nilimbusu mtoto nikaondoka na basi la kwanza.

Wewe unayesoma, sikukatazi kubadili uso wako. Ni wako, na wapo wanaofanya hivyo wakaishi vizuri. Lakini mwambie utakayezaa naye, mwambie kabla ya kufunga ndoa, kwa mdomo wako mwenyewe. Na ukimwona mtu anapigwa kwa siri uliyoibeba wewe, usihesabu matofali. Sema hata kama utafukuzwa, hata kama kamba itaachiwa. Mimi nilikuwa na siku tatu nzima za kusema maneno manne tu: mtoto huyu anafanana nami.